Walivyomharibu Binti Shaba

Jumanne ile watu kama kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha chakula cha Mang Teroy, vijiko mkononi, macho juu kwenye televisheni, Aling Prosing alipoinuka, akapanda kiti, akachomoa waya ukutani. Picha ikapotea. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alishuka, akarudisha kiti mahali pake, akaendelea kula wali wake na samaki mkavu kana kwamba hakuna lililotokea, ila nusu ya wali ilikuwa inaishia mezani.

"Prosing," Mang Teroy alisema kutoka jikoni, "hiyo televisheni ni yangu."

"Najua."

"Na hao ni wateja wangu."

"Basi wapakulie. Walikuja kula."

Dereva mmoja wa pikipiki za abiria alinung'unika kwamba yeye alitaka kuona mwisho. Aling Prosing akamgeukia. "Mwisho ndio huo. Mtoto amemwita mama yake mwizi. Unataka kuona nini tena?"

Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Mimi ni Luming, na kwa miaka kumi na saba nimefanya kazi na mwanamke yule kwenye yadi ya vyuma chakavu nyuma ya soko la Lucena, hapa Ufilipino, mimi kwenye mizani, yeye kwenye shaba. Kumwita Aling ni kama kusema Mama, na Mang ni kama Mzee. Nimemwona akimkimbiza mwizi wa betri na kipande cha nondo mpaka kituo cha mabasi. Nimemwona akimtukana askari. Lakini sikuwahi kumwona akishindwa kushika kijiko.

Niseme kwanza jinsi tulivyoipenda tamthilia ile, maana bila hivyo mtamwona ni kichaa. Binti Shaba ilianza mwaka jana, kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo za usiku. Ilikuwa habari ya msichana anayeitwa Isay, anayeokota vyuma na mama yake, Nanay Sion, kando ya reli. Isay akikasirika kwa ajili ya mtu anayeonewa, ngozi yake inageuka shaba. Risasi haziingii. Panga linakunjika. Mashujaa wengine tuliowahi kuwaona walitoka kwenye nyota au kwenye ufalme chini ya bahari. Huyu alitoka kwenye rundo la nyaya kuukuu, na kabla ya kwenda kupigana alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, kama sisi. Nanay Sion alikuwa anachuna nyaya kwa kisu kifupi, goti moja juu. Jioni ya kwanza Aling Prosing aliangalia mikono ya yule mwigizaji bila kupepesa macho, kisha akasema, "Huyu kafundishwa. Anashika kisu sawasawa." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kwa miezi minne yadi nzima ilikuwa inafunga kazi mapema kidogo ili tuwahi meza kwa Mang Teroy. Aling Prosing alikuja na binti yake, Jessamae, mwenye miaka kumi na tisa, anayefanya kazi kwenye duka la mikate na kusoma uuguzi msaidizi siku za mapumziko. Wawili hao walikuwa wanabishana kama watoto.

"Mama, wewe ungekuwa shaba ungefanya nini?"

"Ningejiuza kwa kilo."

"Aa, Mama."

"Nina kilo themanini. Ningekujengea nyumba."

Halafu waandishi wakageuza mambo. Katika sehemu ya themanini na tano alitokea bibi tajiri, mwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, akasema ana binti aliyepotea hospitalini akiwa mchanga. Tulicheka. Tulidhani ni mtego wa adui. Sehemu ya themanini na saba, ile Jumanne, Isay aligeuka shaba mbele ya Nanay Sion, sio mbele ya adui, akamwambia, "Wewe si mama yangu. Wewe ni mwizi uliyeniiba." Hapo ndipo waya ulipochomolewa.

Kesho yake Aling Prosing alirudi kuangalia. Nilimwuliza kwa nini anajitesa. "Nataka nione wanafika wapi na ujinga wao," alisema. Walifika mbali. Yule bibi tajiri alimkumbatia Isay, na kamera ikaonyesha damu inang'aa ndani ya mishipa yao wote wawili, inarukaruka, kwa kuwa huku kwetu watu wanaamini damu humtambua wa damu yake. Kisha ikaelezwa kwamba nguvu za shaba hazikutoka kwenye nyaya wala kwenye taabu ya kando ya reli. Zilikuwa za ukoo wa tajiri tangu kale.

Aling Prosing alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ni sauti mbaya kuliko ya kupiga kelele: "Kwa hiyo hata hasira yake ni ya matajiri. Hata hasira wametunyang'anya."

Watu wakacheka, na pengine mambo yangeishia hapo, lakini Aling Chayong naye alikuwepo. Chayong anauza ndizi za kukaanga kwenye lango la yadi, na mdomo wake hauna likizo.

"Mimi naona wameandika vizuri," alisema huku akijifuta mafuta vidoleni. "Tamthilia zinatokana na maisha. Kuna watu wamekaa na watoto wa wenzao miaka na miaka, hakuna anayewauliza."

"Unamsema nani?" Aling Prosing akauliza.

"Kwani nimetaja jina la mtu?"

"Liseme basi, kama una meno."

"Meno ninayo. Na kumbukumbu ninayo. Si nilikuwepo ulipoitwa ofisi ya mtaa?"

Nilimshika Prosing mkono lakini niliushika mkono usio na bakuli. Mchuzi wa ukwaju ulimpata Chayong kifuani, na kabla hajamaliza kushangaa wote wawili walikuwa chini kati ya viti. Ilibidi Mang Teroy na yule dereva wawatenganishe. Chayong alitoka na alama ya kucha shingoni, Prosing na mkono wa blauzi uliochanika. Jessamae hakumsaidia mama yake wala hakumzuia. Alibaki amesimama karibu na jokofu la soda, akimtazama.

Jambo la ofisi ya mtaa sote tulilijua, ila halikuwa la kusemwa. Zamani Aling Prosing alikuwa anapangisha chumba cha nyuma. Mpangaji wake mmoja, Lorna, msichana kutoka kisiwa cha Samar, alizaa akiwa humo. Mtoto alipofika miezi minane Lorna alipata kazi za ndani Uarabuni. Alimwacha kwa Prosing, akasema ni mpaka atakapopata nafasi ya kumchukua. Prosing hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa ameshafariki. Mwaka ukapita, na mwingine. Mtoto alipotakiwa kuanza shule na karatasi zikawa hazieleweki, Chayong akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusema pale pana mtoto wa wizi. Prosing aliitwa, akasimama mbele ya meza akiwa amemshika Jessamae mkono, akaeleza kwamba mama alimwacha na hajawahi kuandika hata mstari mmoja. Mwenyekiti akamwamini. Sote tulimwamini. Karatasi zikatengenezwa.

Usiku wa ule ugomvi nilimsindikiza nyumbani kwa sababu goti lilikuwa limemvimba. Jessamae alituletea barafu kwenye kitambaa, akakaa kwenye ngazi.

"Mama," alisema, "Lorna aliwahi kuandika?"

Ningetegemea Prosing aseme hapana, kama alivyosema mbele ya mwenyekiti. Badala yake aliiondoa barafu gotini, na nilipomwangalia usoni nikatamani ningekuwa nimeshaondoka.

"Mara moja," alisema. "Ulikuwa na miaka minne."

"Akasema nini?"

"Akataka picha yako. Akasema mkataba unaisha, atakuja kukuchukua."

"Na wewe?"

"Sikujibu."

"Barua iko wapi?"

"Niliichoma pamoja na maganda ya nyaya. Halafu nikahama kule tulikokuwa, nikaja huku."

Nilikumbuka siku aliyohama. Nilibeba meza yake kichwani. Aliniambia kodi imepanda.

Jessamae hakulia. Aliinuka, akasema, "Kumbe Aling Chayong alikuwa sahihi," akaingia ndani. Kesho yake asubuhi alitia nguo zake kwenye mfuko wa mikate, akaenda kukaa kwa msichana mwenzake wa dukani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya yadini. Aling Prosing alikuja kazini kabla ya lango kufunguliwa, na alikuwa anachuna nyaya kwa nguvu hata za shaba nzuri zikawa zinakatika. Mtu akimsalimu alijibu kwa kuinua kisu tu. Hakumtaja Jessamae. Alimtaja Isay mchana kutwa. "Miaka ishirini anakula jasho la mwanamke yule. Kaumwa surua, nani alimkesha? Yule tajiri? Tajiri alikuwa wapi surua ilipokuja?" Mwanzoni tulijibu. Baadaye tuliacha, kwa sababu tulijua surua inayosemwa ni ya nani, maana mimi mwenyewe nilipeleka uji.

Ijumaa ya wiki ya pili Nanay Sion akafa. Isay alikuwa ameanguka karibu na tanuru la kiwanda, nguvu zimemwishia; mama akamsukuma nje, akatumbukia yeye. Wakati anatumbukia aliomba msamaha. Isay alitazama moto, shaba usoni, bila chozi, kisha bibi tajiri akamfunika koti. Aling Prosing hakuchomoa waya safari ile. Alisema tu, "Hawakumpa hata dakika moja ya kujieleza," akaacha chakula chake chote mezani, akaenda.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya sherehe za mji, na tangazo lilibandikwa kila nguzo: waigizaji wa Binti Shaba watakuja kwenye jengo kubwa la maduka, ghorofa ya chini, Jumamosi saa nane mchana. Prosing alisoma tangazo, akaniambia, "Utanisindikiza."

"Kufanya nini?"

"Kusema nao."

"Prosing, ni watu mia nane wanapiga kelele. Utasema nao kwa njia gani?"

"Wana masikio."

Tulikwenda tangu saa nne asubuhi. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vilivyombana. Palikuwa na wasichana waliojipaka rangi ya shaba usoni, na joto lilikuwa linawayeyusha, shingo zote zimekuwa za kahawia. Waigizaji walipotoka nilidhani mapaa yatang'oka. Isay aliimba wimbo. Bibi tajiri alipunga mkono. Aliyekuwa Nanay Sion aliletwa pia, mwanamke mnene mwenye nywele fupi, wakamweka kiti cha pembeni. Mwishoni mtangazaji akasema mashabiki watatu wataruhusiwa kuuliza swali, na mwandishi wa tamthilia yupo, atajibu.

Wa kwanza aliuliza kama Isay ana mchumba. Wa pili alikuwa Aling Prosing, kwa sababu alikuwa ameshaupita uzio na kukikamata kipaza sauti kabla mtangazaji hajachagua.

"Mwandishi ni yupi?" akauliza.

Kijana mmoja mwembamba wa miwani akainua mkono, anatabasamu.

"Mwanangu, mimi nachuna nyaya miaka ishirini na sita. Miezi minne ulituandika vizuri. Nilikuwa nasema, huyu ametuona. Kisha ukatuambia mama aliyelea ni mwizi na nguvu ni za tajiri. Nani alikutuma?"

Watu wakapiga makofi. Kijana akasema kwa upole, "Pole, Mama. Lakini hii ni hadithi tu."

"Kama ni hadithi tu, ungeiacha ilivyokuwa. Hakuna ambaye angekufa."

Makofi yakawa makubwa zaidi. Mtangazaji alinyoosha mkono kutaka kipaza sauti, naye Prosing akamgeuzia bega. Nilimwona amebadilika. Hakuwa tena anamtazama mwandishi. Alikuwa anatazama mbele tu, popote.

"Sawa, alikosa," alisema. "Tuseme Sion alikosa. Alijua mtoto ana mama, akanyamaza. Ni kosa. Nakubali ni kosa. Lakini kuna aliyemwuliza? Mlimwita mwizi, mkamtupa kwenye moto kabla hajafungua mdomo. Angeulizwa angesema. Angesema aliogopa. Mtu anaamka asubuhi anakuta mtoto amemshika kidole, na anaambiwa atachukuliwa. Aliogopa kama mnyama. Si sababu nzuri. Lakini ni hiyo, hana nyingine, na angeisema kama mngemwuliza."

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Mlinzi alikuja akachukua kipaza sauti polepole, kama mtu anayemnyang'anya mgonjwa kikombe. Mwandishi alisema asante kwa maoni. Shabiki wa tatu akauliza kuhusu nywele za Isay.

Tulipokuwa tunateremka ngazi za nyuma, Prosing akichechemea kwa viatu, yule mwigizaji wa Nanay Sion alitufuata, bado ana vipodozi. "Dada," alisema, "mimi niliambiwa nakufa asubuhi ileile. Nilikuja kazini na chakula changu kwenye kopo. Niliwaomba wanipe maneno ya kumwambia mtoto. Wakasema muda hautoshi." Alikuwa na hasira. Prosing akamwuliza nani alimfundisha kushika kisu. Akasema ni shangazi yake wa Tondo, naye mchuna nyaya. Wakashikana mikono, basi.

Simu za watu zilikuwa zimeshachukua kila kitu. Kabla hatujafika nyumbani yadi nzima ilikuwa imeshaona, na wengi walikuwa wanacheka: mwanamke wa shaba wa kweli, Lucena imepata shujaa, maneno ya namna hiyo. Chayong aliniuliza langoni kama shujaa wetu amerudi. Nilimwambia atazame ndizi zake zinaungua, na kweli zilikuwa zinaungua.

Jioni Jessamae alikuja. Hakuvua kofia ya duka la mikate. Alisimama mlangoni, mimi nikiwa naloweka miguu ya mama yake kwenye beseni.

"Haya," alisema. "Nakuuliza. Eleza."

Nilitaka kuondoka, Prosing akanishika sketi. Akaeleza akiwa ametia miguu majini. Hakujipamba. Alisema barua ilikuwa ya kurasa mbili, kwamba Lorna aliandika kwa adabu, alitaja jina la Jessamae mara nyingi. Alisema aliisoma mara tatu, kisha akaenda kumwangalia mtoto amelala, kisha akaichoma. Alisema mbele ya mwenyekiti alidanganya, na siku ile ikirudi angedanganya tena. Alisema amekuwa akijiambia kwamba Lorna angekuja mwenyewe kama angetaka kweli, na kwamba anajua huo ni uongo, kwa sababu nani angempata wakati alishahama?

Jessamae alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," alisema. "Bado nina hasira."

"Kuwa nayo."

"Nitaendelea kuwa nayo muda mrefu."

"Ni yako hiyo. Umekula?"

"Sitaki chakula chako." Akakaa. Baada ya kama robo saa akala, na alipomaliza akaosha sahani yake peke yake, akaacha yetu.

Alimtafuta Lorna kwenye simu. Haikumchukua hata siku mbili. Binamu wa Samar walikuwa wanajulikana. Lorna yuko Uarabuni bado, Dammam, ana watoto wawili wa kiume walioko kwa bibi yao. Walizungumza kwa simu ya video, Jessamae amejifungia kwenye stoo ya duka la mikate, kati ya magunia ya unga. Siku ya pili alikuja kunisimulia kwenye mizani, maana kwa mama yake hakuwa tayari.

"Alilia muda wote, Dada Luming. Nilikuwa nasubiri ile damu iruke."

"Ikaruka?"

"Hakuna kilichoruka. Nilisikia njaa tu. Nikawa nafikiria nimwambie asubiri nile mkate." Akajishika kidevu. "Tunafanana kidevu. Nikakasirika na kidevu changu."

Tamthilia iliisha mwezi wa nane. Nasikia Isay aliolewa na kurithi kiwanda. Mang Teroy alikuwa ameshahamisha televisheni kwenye mpira wa kikapu, na hakuna aliyemwomba arudishe. Waandishi, kwa ninavyojua, hawakubadilisha hata sentensi moja.

Lorna alikuja siku nne kabla ya Krismasi, na sanduku kubwa la sabuni na chokoleti. Prosing alipika pansit, tambi za sikukuu, za watu thelathini ingawa tulikuwa wanne. Walisalimiana vizuri, wakaulizana safari. Kisha Lorna akaweka uma chini, akasema, "Niliandika barua, Dada. Nilisubiri jibu miezi kumi na moja," na ugomvi ukaanza. Waligombana tangu mchana mpaka jua linapungua. Lorna alimwita mwizi usoni, neno lilelile, na Prosing hakurusha bakuli. Alisema ndiyo. Kisha naye akamwuliza mtoto wa miezi minane anaachwa vipi na makopo mawili ya maziwa na ahadi, na Lorna akasema ndiyo, akapiga meza, wakaendelea. Majirani walikuwa wamesogea mpaka kwenye uzio. Chayong alileta kiti chake.

Jessamae aliwasikiliza wote wawili akiwa amekunja mikono. Saa kumi na moja alitazama saa, akavaa kofia ya duka.

"Mimi naingia zamu," alisema. "Mkimaliza, mniwekee pansit. Na msimalize bila mimi. Nina yangu ya kumwambia kila mmoja wenu."

Akafungua geti, akampita Chayong bila kumsalimu, akaenda kazini.